Mafaili ya flashi yako yamepangwa vibaya: jibu kwa msomaji wa Lanet

Swali: "Mwalimu, habari ya Kisumu? Mimi niko Nakuru, huku Lanet, nina miaka 23 na ni fundi wa simu. Mjomba wangu wa Kakamega alinipa flashi yenye albamu moja tu, Automatic for the People ya kundi la R.E.M. la Marekani. Alisema ndiyo iliyomvusha mwaka mmoja mbaya. Nimeisikiliza mara tatu, na mara mbili usingizi ukanibeba. Inaanza na Drive, inakuja Everybody Hurts, halafu Find the River, lakini kutoka hapo inazunguka tu hadi inaishia kwa mzee anayeongea mambo ya kupumua. Hakuna mahali inachangamka. Maneno nimeyasoma na siyaelewi. Mimi ni mtu wa benga na gengetone, sifichi. Je, ni masikio yangu mabovu ama albamu inasifiwa bure? Na Krismasi naenda kwa mjomba, nimwambie nini?"

Ndugu yangu wa Lanet,

Kisumu ni joto tu, tunangoja mvua. Masikio yako hayana ubovu. Kilichokuangusha umekiandika mwenyewe kwenye swali bila kujua: Drive, Everybody Hurts, Find the River. Tazama herufi za kwanza. D, E, F. Redio uliyoichomeka flashi imeziita nyimbo kwa alfabeti, kama majina kwenye rejista ya shule, na ndiyo maana ukaishia kwenye T, kwa Try Not to Breathe, wimbo ambao wenyewe waliuweka wa pili. Nao Find the River, uliokufikia wa tatu ukiwa bado unatafuta pa kukaa, ndio wa kufungia. Umesomewa hadithi ya kurasa kumi na mbili zilizochanganywa, mazishi yakatangulia ugonjwa, halafu unajilaumu kwamba hukulia.

Wewe ni fundi wa simu, kwa hivyo dawa yake ni dakika mbili. Yape mafaili namba: 01 Drive, 02 Try Not to Breathe, 03 The Sidewinder Sleeps Tonite, 04 Everybody Hurts, 05 New Orleans Instrumental No. 1, 06 Sweetness Follows. Hapo ukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye kanda au santuri alipokuwa anainuka kugeuza upande. Kisha 07 Monty Got a Raw Deal, 08 Ignoreland, 09 Star Me Kitten, 10 Man on the Moon, 11 Nightswimming, 12 Find the River. Zote pamoja hazifiki dakika 50. Pande mbili zenyewe walizipa majina, wa kwanza Drive na wa pili Ride, kwa hivyo si mimi ninayelazimisha kwamba kuna mpangilio.

Sasa tuje kwa hilo la kuchangamka, maana hapo hata ukipanga namba hutapata unachokitafuta.

Benga imekulea, na benga ina ahadi yake. Mwimbaji anasimulia taratibu, anataja marafiki na wafadhili, kisha anayaachia magitaa uwanja. Solo inapanda, besi inakimbia, na hata aliyekuwa amekumbatia soda yake kwenye kona anainuka. Huku kwetu tunajua wimbo haujaiva mpaka magitaa yapande. Ukiweka albamu ya R.E.M. masikio yako yanakwenda kusimama mlangoni kumngoja mgeni huyo, na mgeni haji. Unamngoja Drive nzima, haji. Kwenye Everybody Hurts anaonekana kama yuko kwa lango, halafu anapita. Uchovu uliokulaza ni uchovu wa kungoja, na mtu anayengoja kitu kimoja hasikii vingine vinavyopita mbele yake.

Kutokuja kwake ni kwa makusudi. R.E.M. walikuwa wanne, kutoka mji wa Athens katika jimbo la Georgia: Michael Stipe mwimbaji, Peter Buck wa gitaa, Mike Mills wa besi na vinanda, Bill Berry wa ngoma. Walianza mwaka 1980. Mwaka 1991 walitoa Out of Time, na wimbo wake mmoja uliobebwa na mandolini, Losing My Religion, ukawafanya wakubwa dunia nzima. Baada ya hapo walisema watarudi na albamu ya kelele, magitaa ya umeme na ngoma nzito. Wale watatu wapigaji wakaingia mazoezini bila mwimbaji, wakaanza kubadilishana vyombo, huyu akachukua mandolini, yule akakaa kwenye kinanda, mwenye ngoma akashika besi. Kilichotoka mikononi kilikuwa polepole na cha huzuni, nao wakakiacha kiwe hivyo. Stipe alikuwa na miaka 32. Wewe una 23 na simu yako bado inaita kwa mambo ya kazi na wasichana. Ngoja ufike thelathini na kitu uone zinavyoanza kuingia zile za saa kumi na moja alfajiri, ambazo ukiona jina tu unajua ni msiba.

Albamu ilitoka Oktoba 1992. Huku kwetu nani alikuwa na habari nayo? Tulikuwa tunangoja uchaguzi wa Desemba, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, na mwaka huo upande wenu wa Molo watu walikuwa wanakimbia makwao na magodoro kichwani. Kanda yangu niliipata miaka miwili baadaye. Ilikuwa imenakiliwa, na jalada lake lilikuwa karatasi ya daftari la mistari. Labda ya mjomba wako ilifika kwa njia hiyo hiyo.

Jina la albamu usilitafutie falsafa. Huko Athens kuna hoteli ya chakula cha kawaida, kuku na mboga, inayoitwa Weaver D's, na mwenyewe ukimwagiza kitu alikuwa anakujibu kwa neno hilo moja, "automatic." Akalifanya kaulimbiu ya biashara, wale vijana wakaenda kumwomba ruhusa ya kulitumia. Ni sawa na wewe kuingia kwa mama wa samaki kando ya ziwa, ukauliza kama kuna ngege na ugali, naye bila kuinua macho kwenye sufuria akakujibu, "Iko." Hebu fikiria albamu ya mambo ya kufa na kukumbuka imeitwa Iko kwa Wananchi. Mimi hilo hunichekesha kila nikilifikiria, na nadhani walitaka tucheke kidogo kabla ya kuingia.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kurekodi kwaya na bendi. Kitu kigumu katika kazi hiyo si kumfundisha mpiga gitaa kupiga, ni kumshawishi asipige. Ukimwachia nafasi ya sekunde mbili anaijaza, anaona nafasi tupu ni aibu, kana kwamba mgeni amekaa nyumbani kwake bila chai. Ndiyo maana albamu hii mimi huisikiliza kama fundi anavyotazama nyumba ya fundi mwenzake: natafuta walichokiondoa. Drive inaanza na gitaa kavu, linadonolewa uzi mmoja mmoja, sauti ya Stipe inaingia, na kibwagizo hakiji. Hakipo. Wimbo wa kwanza wa albamu, na ndio waliouchagua kuwa wa kwanza kwenda redioni, hauna kibwagizo. Everybody Hurts ulianzishwa hasa na Bill Berry, mtu wa ngoma, na mdundo unaousikia pale mwanzo, tik, tik, umenyooka kama saa ya ukutani, ni wa mashine. Mwenye ngoma ameanzisha wimbo na mdundo ameiachia mashine! Mtu asiyejiamini hawezi.

Lakini ninaotaka uusikilize kwa karibu ni wa 11, Nightswimming. Vaa hedifoni. Utasikia kinanda peke yake, Mike Mills anapiga mzunguko mmoja wa noti, unakwenda, unarudi, unakwenda, kama mtu anayetembea chumbani usiku akikumbuka jambo. Hakuna ngoma wala gitaa, na hakuna kibwagizo. Sauti ya Stipe inapanda juu ya mzunguko huo bila kufuata hatua zake, wakati mwingine anachelewa, wakati mwingine sentensi inamzidi pumzi. Fidla zinaingia taratibu. Zilipangwa na John Paul Jones, yule wa besi wa Led Zeppelin, aliyepanga fidla za nyimbo nne kwenye albamu hii. Mtu wa kundi lenye kelele nyingi ndiye aliyeitwa kuja kunyamazisha. Kisha sikiliza mwishoni: kuna kifaa cha kupuliza kinaimba peke yake, chembamba, cha puani kidogo. Kinaitwa obo, na ni ndugu wa nzumari ya Waswahili wa Pwani, maana zote mbili zinalia kwa ulimi wa matete mawili yanayogongana mdomoni. Nzumari huko ni ya harusi. Hapa obo inamuaga mtu.

Na maneno yake? Mtu anatazama picha ya zamani, amekumbuka vijana waliokuwa wanaogelea usiku, uchi, na hofu ya kushikwa, na anajua watu wale hawako tena kama walivyokuwa. Basi. Mimi nilikulia Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Usiku wa mbalamwezi tulikuwa tunatoroka kwenda kwenye mfereji mkubwa wa kunyunyizia, nguo tumezikunja tukaziweka juu ya ukingo na jiwe juu yake ili upepo usizichukue. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Tulikuwa sita, na mmoja alikuwa anabaki nje kuchunga askari wa mfereji, tunapokezana. Nikisikia kile kinanda kinachozunguka naona lile jiwe juu ya nguo. Kwenye wimbo hakuna mpunga wala askari wa mfereji, kuna bahari mbili tatu kati ya Ahero na Georgia, lakini nafasi waliyoiacha bila ngoma ndiyo inayoniruhusu kuingia na jiwe langu. Wangeijaza, ningebaki nje nikiwapigia makofi.

Tuje kwa maneno, maana umesema umeyasoma na hukuyaelewa. Kwanza, usidhani ni Kiingereza chako. Wamarekani wenyewe miaka kumi walibishana Stipe anasema nini, kwa sababu kwenye albamu za mwanzo alikuwa anamung'unya, na kundi hili halikuchapisha maneno yote ya nyimbo kwenye jalada mpaka mwaka 1998, kwenye albamu Up. Kwa hivyo ulichokisoma huenda kimeandikwa na mashabiki waliotega sikio kama wewe. Pili, uliyasoma kama habari ya gazeti, ukitafuta ilitokea nini. Yasome kama ulivyofundishwa kusoma shairi shuleni. Swali la mtihani lilikuwa gani? "Taja nafsineni katika shairi hili." Tulilichukia swali lile. Kumbe ndilo ufunguo hapa. Uliza kila wimbo: nani anasema, anamwambia nani, na wako wapi wakati huo.

Jaribu na wa pili, ule uliosema unaishia kwa mzee anayeongea mambo ya kupumua. Nusu ya kazi umeshaifanya, umemtambua msemaji. Si Stipe mwenye miaka 32, ni mtu mzima sana aliyefika mwisho, na anazungumza na wanaomuuguza. Anachowaomba ni kwamba wasimkumbuke kwa siku hizi za kitandani, wakumbuke alivyoona na alivyoishi, na uamuzi wa lini inatosha uwe wake. Kumbuka nyanya yako au babu yako alipokuwa amelala chumba cha ndani na watu wazima wakawa wanajadili hospitali sebuleni kana kwamba hasikii. Huyo ndiye anayeimba. Ukilijua hilo, sikiliza gitaa linavyobembea, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama kiti cha kuyumba au kama kifua. Mzee anasema atajaribu kutopumua na wimbo mzima unapumua. Hilo huwezi kulipata ukilisoma kwa simu, sharti liwe masikioni.

Wa sita, Sweetness Follows, nao ni wa wale wanaojiandaa kumzika baba na mama, watoto waliokwisha kuwa wageni kwa ndugu zao. Sisi wa magharibi ya Kenya hatuhitaji kufafanuliwa huu. Ni Jumamosi, hema limekodishwa, jenereta linanguruma nyuma ya jiko, na ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu ugomvi wa shamba wamewekwa benchi moja ya mbele kwa sababu programu iliyochapishwa imesema familia ikae mbele. Wimbo unaanza na fidla nene, chelo, inanung'unika chini kabisa. Nyuma yake kuna mlio mrefu wa gitaa lililosogezwa karibu na spika yake mpaka likaanza kulia lenyewe. Mlio huo mimi hulipwa niuondoe. Matangani ukitokea kila mtu hunigeukia mimi. Wao wameuacha hapo ukipanda na kushuka juu ya maneno ya kuzika, na unasikika kama kitu ambacho wale ndugu wawili wanataka kukisema na hakitoki. Utamu unaotajwa kwenye jina la wimbo sikuambii ni upi. Nina wangu, na umebadilika mara mbili tangu 1994.

Si zote zina uzito huu. Wa tatu, The Sidewinder Sleeps Tonite, ni mchezo, mtu na simu ya kibanda. Utasikia pale mwanzo Stipe anapandisha sauti kwa namna unayoifahamu, ni ya The Lion Sleeps Tonight, na walilipia kibali chake. Simba mwenyewe alizaliwa kwetu Afrika: Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la Mbube, akapata vijisenti huku wengine wakitajirika. Nakutajia usije ukadhani hiyo albamu ni "mambo ya huko" tu. Kipande chake kimoja kilitoka huku. Man on the Moon ni wa Andy Kaufman, mchekeshaji aliyekufa mwaka 1984 na aliyekuwa amezoea kuwadanganya watu jukwaani kiasi kwamba wapo waliokataa kuamini amekufa. Ndani yake anataja michezo ya mbao, drafti na chesi na mingineyo, kama wazee wanaosukuma vifuniko vya soda chini ya mti, na huo ndio ulio karibu zaidi na kuchangamka. Unaweza hata kuuimba ukitembea. Monty Got a Raw Deal ni wa mwigizaji wa sinema Montgomery Clift. Namba 5 haina maneno kabisa, ni ya kupumzika.

Ignoreland ndio unaoniudhi. Ni wimbo wa hasira juu ya serikali za Reagan na Bush, ulitoka wiki chache kabla ya Wamarekani kupiga kura Novemba 1992, na hasira yake naielewa, lakini unaingia kama mtu aliyefungulia matatu muziki mbele ya kanisa. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba bila huo upande wa pili ungelala. Tumebishana miaka. Wewe utaamua. Kwa sababu ya benga yako huenda ukaupenda kuliko zote, na hakuna atakayekucheka.

Na Everybody Hurts, nikuombe kitu: usianze na huo. Umechezwa sana redioni, kwenye filamu, kwenye matanga, hata umechoka. Maneno yake ni mepesi kwa makusudi. Walitaka kijana aliyekata tamaa ayaelewe mara moja, bila fumbo. Ukija nao ukiwa mzima utauona wa kitoto. Ukija nao siku mbaya hutakuwa na muda wa kuuona wa kitoto. Nashuku ndio uliomvusha mjomba wako, lakini hilo ni lake.

Kama bado unaona huu utulivu ni wa kigeni, nenda kwa Ayub Ogada, mwimbaji na mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Huyu alikuwa wetu, aliaga dunia mwaka 2019 hapa Nyahera, nje tu ya Kisumu. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993, mwaka mmoja tu baada ya hiyo ya R.E.M. Sikiliza Kothbiro. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji wa kijijini huongeza njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayogongea ubao, ni bendi nzima mtu mmoja. Ogada kwenye wimbo huo amepunguza karibu kila kitu. Maneno ni mvua inakuja, leteni ng'ombe nyumbani. Mjaluo yeyote anaelewa maneno hayo, na nimeona watu wazima wakitazama pembeni yakifika. Kwa nini? Si kwa sababu ya ng'ombe. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi? Ni jioni, mtu amesimama boma akiangalia mawingu na anaita walio mbali. Ukiweza kuusikiliza huo, Find the River unauweza. Huo nao ni wa mtu mkubwa akimwambia mdogo njia ya kwenda, mto unashuka kuelekea bahari, na anataja mimea mmoja mmoja, tangawizi, limau, giligilani, kama mtu anayenusa shamba kwa mara ya mwisho. Sikiliza sauti za nyuma. Mills na Berry waliziimba kila mmoja bila kumsikia mwenzake, mmoja akalia kwa nguvu, mwingine akaimba chini kwa upole, halafu zikawekwa pamoja. Mimi nisingethubutu. Kwaya ninazorekodi zingenifukuza.

Vifaa usivitafutie gharama. Spika ya simu hapana, inakupa juu tu, na chelo lote linapotea. Subufa ya dukani pia hapana, inaivimbisha besi hadi kinanda kinakuwa kama kiko ndani ya pipa. Hedifoni yoyote inayofunika sikio, kitufe cha kuongeza besi kizimwe, sauti ya wastani. Usisikilize kwenye matatu ya kwenda mjini. Subiri ufunge duka, na kama stima imepotea ni bora zaidi, Lanet yote itakuwa imenyamaza na simu yako ina chaji. Upande mmoja kwa usiku mmoja unatosha. Ukilala tena kwenye upande wa kwanza si kosa, lakini upande wa pili anza kesho yake, usianze upya.

Kuhusu mjomba: usimdanganye kwamba umeipenda, mtu aliyeishi na albamu miaka thelathini anajua uongo huo kabla hujamaliza sentensi. Mwambie ukweli kwamba flashi iliichanganya na ukalala mara mbili. Atacheka. Kisha muulize kama bado ana kanda yenyewe, na ililegea wapi. Kanda huwa inalegea pale mtu anaporudisha nyuma mara nyingi, utepe unaanza kuyumba na sauti inazama kidogo. Yangu ilikuwa upande wa pili, karibu na mwisho, na nilikuwa nairudisha kwa kalamu ya Biki ili nisimalize betri.